Mkono Wako Leo Unaweza Nini

Siku Karani alipofariki ilikuwa Jumamosi, na wenzake kumi na mmoja walikuwa wameketi katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yake, wakimsubiri. Walijua amelazwa. Walijua pia kwamba daktari alisema huenda angeruhusiwa siku hiyo, kwa hiyo mmoja alikuwa ameifuta vumbi cherehani ya Karani. Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia ni mjomba wake. Alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili, wala hakuketi. Sindano zilisimama katikati ya nguo.

Jioni ile mama yake Karani, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliingia peke yake, akaifunika cherehani ya bintiye kwa shuka nyeupe. Alikuwa na binti huyo mmoja tu.

Karani hakuwa karani wa ofisi yoyote. Aliitwa hivyo kwa sababu ya daftari alilolibeba kwapani kila aendako. Ndiye aliyekianzisha kikundi kile cha vijana, na kazi yao ilikuwa moja: kabla shule hazijafunguliwa, walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya sare zilizochanika, wakazishona bila malipo, ili mtoto asibaki nyumbani kwa aibu ya kaptura yenye matundu. Kulikuwa na mpiga lipu, muuza mboga, wanafunzi, kijana anayetembea kwa magongo, na dada wawili waliosali tofauti na wengine wote. Hawakuwa na mwenyekiti. Aliyejiunga mwisho aliitwa Mgeni, na Mgeni ndiye aliyeongoza vikao mpaka apatikane mgeni mwingine.

"Mtu ukimkalisha pembeni, atabaki kuwa wa pembeni," Karani alikuwa akisema. "Mpeni kikao akiongoze. Kesho hatauliza tena kama yumo."

Kila kikao kilianza kwa jambo lile lile. Mgeni alimzungukia kila aliyemo chumbani na kumwuliza, "Mkono wako leo unaweza nini?" Huyu alisema vifungo, yule kupiga pasi. Aliyechoka alisema, "Wangu leo unaweza kupumzika," na hakuna aliyemcheka.

Wiki tatu baada ya mazishi, Fundi aliwatumia ujumbe waje wachukue vitu vyao. Chumba alitaka kukifunga. Tangu msiba hakuwa ameshona hata pindo. Wateja walikuja, wakasema pole, wakaenda kwingine. Majirani walimpikia, wakamfulia, wakamwambia, "Wewe pumzika tu, mama." Naye alipumzika, akazidi kunyong'onyea kama mche uliohamishwa juani.

Vijana walikuja Jumamosi, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Magunia mawili yalikuwa bado kwenye kona, na ndani yake sare arobaini, nyingine zimeanzwa, nyingine hazijaguswa.

"Tuzirudishe zilivyo," alisema Bondia, yule mpiga lipu, mwenye kifua kipana na mdomo usio na kufuli. "Watu watatuelewa. Msiba ni msiba."

"Watoto nao watavaa msiba?" aliuliza muuza mboga. "Tukae kikao kwanza. Mgeni ni nani?"

Alifungua daftari la Karani. Jina la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, siku mbili kabla hajalazwa. Wote waligeuka kumtazama kijana mrefu aliyesimama karibu na mlango. Alikuwa hajatimiza miezi miwili tangu atoke gerezani. Kosa lake halikuwa siri: aliiba baiskeli, na baiskeli ilikuwa ya Bondia.

"Huyu?" Bondia alisema. "Basi ficheni sindano kwanza."

Wawili walicheka, kisha wakajuta kucheka.

"Huu ni mwandiko wa Karani," alisema muuza mboga, akigonga ukurasa kwa kidole. "Anayetaka kulifuta jina hili aje alifute mwenyewe."

Bondia hakwenda.

Fundi alikuwa amesimama kizingitini, amekunja mikono kifuani, akingoja waondoke. Kijana alisogea katikati ya chumba. Alikuwa amehudhuria kikao kimoja tu maishani, na alichokikumbuka ni lile swali. Akaanza kumwuliza mmoja mmoja, mpaka akamfikia Bondia.

"Mkono wangu unaweza kushika baiskeli isiondoke," alijibu Bondia.

Kijana alimsogelea hatua moja.

"Una haki, kaka. Nilikukosea, na radhi nitakuomba mbele ya hawa, wala si leo tu. Lakini sare ni arobaini. Vifungo utaweza?"

Bondia alivuta gunia moja karibu naye. "Vifungo naweza," alisema.

"Na wewe mwenyewe je?" aliuliza yule wa magongo.

"Miaka mitatu kule ndani nilishona sare. Za wafungwa na za askari, zote. Zipu na mapindo nayaweza. Kola zilinishinda."

Kisha akafanya kosa ambalo mwenzake yeyote asingelifanya. Wengine walijua kwamba Fundi si mwanachama. Yeye alitoa chumba na uzi, basi. Na tangu msiba walikuwa wamekubaliana kwa macho tu kwamba asiombwe kitu. Lakini kijana alijua kwamba huulizwa kila aliyemo chumbani, na Fundi alikuwemo. Akamgeukia, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Na wewe, mkono wako leo unaweza nini?"

Muuza mboga alifumba macho. Bondia alimkanyaga kijana mguu, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Fundi aliitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto. Kwa wiki tatu watu walikuwa wamemwuliza kama amekula na kama amelala. Hakuna aliyemwuliza anaweza nini.

"Nisamehe, mama," kijana alisema. "Kama leo ni kupumzika..."

"Nimepumzika mpaka nimechoka," alisema Fundi. Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa siku nyingi. "Hebu lete hilo shati lililo juu ya gunia."

Aliligeuza, akaivuta kola, uso ukamkunjamana.

"Nani kashona hii?"

Bondia aliinua mkono nusu.

"Mwanangu, hii ni kola au umefunga gunia la saruji?"

Kicheko kikapasuka, wa kwanza kucheka akiwa Bondia mwenyewe. Katikati ya kicheko Fundi akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Wale dada wawili walimshika huku na huku. Alipomaliza, alijifuta kwa shati lile lile la shule, akaenda dirishani, akaiondoa shuka juu ya cherehani na kuikunja mara nne.

"Hii inataka mafuta," alisema. "Na wewe Mgeni, keti hapa. Kola haikukushinda. Hukufundishwa."

Walishona siku ile na siku iliyofuata. Jumatatu asubuhi sare thelathini na nane zilipita barabarani zikiwa na watoto ndani yake. Mbili zilichelewa hadi Jumanne. Bondia hakumsamehe kijana siku ile, wala wiki ile, ila waliketi benchi moja.

Fundi bado huamka asubuhi akaita jina la binti yake kabla hajakumbuka. Huzuni haikumwondoka, imejifunza tu kuketi pamoja na watu. Duka hufunguliwa saa mbili, na yule kijana ndiye fundi wake wa pili, kila siku isipokuwa Jumapili. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema kweli.