Chozi wa Mfalme Simba

Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Mito ikabaki mchanga, na maua yote yakapukutika. Maua yalipokwisha, chozi nao wakahama. Hao ni wale ndege wadogo wanaong'aa, wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaofyonza utamu wa maua. Simba, mfalme wa nyika, aliona amedharauliwa.

Akamwita Sungura. "Wewe si unajiita mjanja? Nataka chozi uani kwangu. Alasiri ya siku ya tatu nisipowaona, nitakutafuna wewe."

"Nimesikia, Mfalme wangu," alisema Sungura.

Alichukua kibuyu, akakitoboa vitundu, akakitia asali iliyozimuliwa kwa maji. Akakitundika chini, usawa wa macho ya mfalme, maana Simba hapendi kuinua shingo kwa ajili ya mtu.

"Fisi atakilinda," Simba akaamuru.

Sungura akawaza moyoni. Fisi alinde kitu kinacholika! Lakini mfalme akikosea, nani wa kumwambia?

Siku ya kwanza, Simba akiwa usingizini mchana, kibuyu kilikauka.

"Kaka Fisi, asali iko wapi?"

"Jua, ndugu yangu. Jua la mwaka huu linakunywa kila kitu."

Siku ya pili ikawa vilevile. Tena Fisi akakimbilia kwa Simba: "Mfalme, Sungura anakuchezea. Kibuyu chake ni kitupu. Ukimla, mimi nikumbuke kwa paja moja tu."

Sungura alipoyasikia hayo aliogopa kweli. Akatoka mbio hadi bonde la mbali walikohamia chozi, akamsihi mkubwa wao, Bi Chozi, waje.

"Tutapita kesho alasiri," alisema Bi Chozi. "Ila hatuna muda wa kutafuta. Pasipo na kitu chekundu hatutui."

Asubuhi ya siku ya tatu Sungura alimkuta Fisi amezungukwa na nzi mdomoni. Hapo akaelewa. Alijaza kibuyu asali nzito, isiyotiwa hata tone la maji, kisha akatoa kitambaa chekundu.

"Mlinzi wa mfalme hakai kichwa wazi, kaka. Nikufunge kilemba?"

"Ulichelewa wapi siku zote?" alisema Fisi, akainamisha kichwa.

Mchana Simba akalala, na Fisi akakinyonya kibuyu mpaka tone la mwisho. Asali ikamganda ndevu zote.

Alasiri Simba akaketi uani. "Asijitikise yeyote! Atakayewafukuza ndege wangu, atakuwa chakula changu."

Chozi wakaja, watatu, kisha kumi. Wakakidonoa kibuyu, wakakikuta kikavu. Ndipo wakakiona kilemba, na chini yake ndevu zinazonata. Wakamvamia Fisi. Mmoja alitua juu ya pua, mwingine akapenyeza mdomo ndani ya tundu la pua. Fisi alitokwa na machozi, chafya ikamjaa kifuani, asithubutu hata kupepesa. Simba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Fisi. Asali hiyo imefikaje mdomoni mwako?"

"Jua, Mfalme," alijibu Fisi kwa meno yaliyobanwa, asije akawafukuza ndege.

Hata Bi Chozi alimcheka.

Sungura alingoja kuona Fisi akiraruliwa. Lakini Simba alikuwa akiwatazama ndege wake, macho yamelegea kwa raha.

"Sitakuua," akasema. "Wamekupenda. Kuanzia kesho wewe ndiye kibuyu changu. Sungura, utampaka asali kila asubuhi. Na wewe Fisi, ole wako ulimi ukitoka nje."

Basi kila asubuhi Sungura alikuja na upawa wake. "Tulia, kaka," alikuwa akisema, akimpaka taratibu kuanzia puani hadi kidevuni, wala haharakishi. Na Fisi, aliyeiba asali kwa siku tatu, alikaa miezi minne, hadi mvua iliporudi, akiinusa.