Chai Nyeusi Nyumbani kwa Bi Chausiku

"Maji hayajalala, usimtaje mchawi." Mmeisikia leo sokoni, sasa mnanikodolea macho. Haya, kaeni. Na wewe Sechonge acha kutafuna muwa, mlio huo unanikera. Chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Kwemsala, Mhando alichimba kisima uani mwezi ule ule alipomwoa Mwasiti. Maji yalitoka meupe pee, kila mtu akayasifu. Na desturi yetu mnaijua: bibi harusi ndiye anayemchemshia mama mkwe chai ya asubuhi. Basi Mwasiti akateka maji, akachemsha, akatia majani. Lahaula! Chai ikawa nyeusi kama wino. Bi Chausiku, mama yake Mhando, akaionja, akaitema. Eti ina ladha ya msumari.

Kesho yake, hivyo hivyo. Mwasiti akabadili majani, akabadili sufuria, wapi! Maji aliyoyaacha ndooni meupe akayakuta mekundu. Kanzu ya mumewe ikatoka kufuliwa ina madoa ya kutu. Maskini, alichanganyikiwa mpaka akaanza kujiuliza kama kweli ana mkosi. Bi Chausiku naye hakuelewa kitu, ila yeye jibu alikuwa nalo.

"Maji nayaona kwa macho yangu, ni safi," alisema. "Sasa kipya kilichoingia humu ndani ni nini, kama si huyu?"

Akapita nyumba kwa nyumba akisema mwanawe ameoa mchawi. Akatuma watu kwa wazazi wa Mwasiti, waje wamchukue binti yao.

Siku hizo hizo Mwasiti alisugua masufuria kwa majivu, kama tunavyofanya sote, maji ya kusuuzia akayasahau ndooni. Alipoyarudia alikuta tope jekundu limetuama chini, na juu maji yanang'aa. Akashangaa. Akateka ndoo nyingine, akayamimina kutoka ndoo hii kwenda ile, mara nyingi tu, kama alivyoyamwaga alipokuwa akisuuza, kisha akatia konzi ya majivu yaliyochekechwa.

Bi Chausiku huyo mlangoni! "Leo nimekushika! Unatutilia dawa kwenye maji ya kunywa!"

"Ni majivu ya jikoni kwako, mama."

"Majivu kwenye maji safi? Ya nini?"

"Hata mimi sielewi, mama. Nimeona tu. Niachie yalale. Yakiamka mabaya, nitafunga mzigo wangu mwenyewe."

Yakalala. Asubuhi Mwasiti akayachuja taratibu kwa kitambaa, akachemsha chai mbele ya mkwewe. Ikatoka na rangi yake, chai ya watu. Kumbe kutu ilikuwa kwenye maji yenyewe ya kisima, haionekani mpaka yalale. Bi Chausiku akanywa, akaomba kikombe cha pili, halafu akaangua kilio.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuonea."

Mwasiti alimsamehe, na wazazi wake walipofika walikaribishwa chai. Lakini lile jina la mchawi, wajukuu zangu, lilikuwa limeshatoka. Bi Chausiku alirudi kila nyumba kulikanusha. Watu walimsikiliza, wakaitikia vizuri tu. Na mpaka Mwasiti anazeeka, wapo waliokataa hata maji ya kunywa kutoka mkononi mwake. Ndiyo maana Bi Chausiku, kila alipomsikia mtu anaanza kumnyooshea mwenzake kidole, alimkatiza kwa uchungu: "Maji hayajalala, usimtaje mchawi."