Ukisikia Fa, Ngoja Lima

Ukisikia fa, ngoja lima. Maneno haya niliyasema juzi jikoni kwangu, na vijana waliokuwa wakikanda unga wa maandazi wakanitazama kama niliyechanganyikiwa.

Mjukuu wangu Kidawa alikuwa amekimbia kutoka ukweni. Alimsikia mama wa mchumba wake akisema sebuleni, "Huyu binti hafai," naye hakusubiri neno la pili. Alivaa viatu akaondoka, na simu ameizima tangu siku hiyo. Harusi ni mwezi ujao. Binamu zake walikuwa wakimtia maneno, huyu amwambia arudishe pete, yule amwambia arudishe hata khanga. Hapo ndipo nikasema: ukisikia fa, ngoja lima.

"Bibi, mtu akishakufa atalimaje?" akauliza Mgeni, binamu yake mkubwa, na wote wakacheka.

Nikawaambia waendelee kukanda, mimi nitawaeleza msemo huu ulikotoka, kwa kuwa ulipozaliwa nilikuwepo.

Babu yao Makame alipata kazi ya kufundisha ufundi wa injini katika chuo cha mabaharia, mbali sana katika bahari ya Pasifiki, kwenye visiwa vya Polinesia. Ramani ya kule ni buluu tupu yenye vidoa, kama mtu aliyepiga chafya na chai mdomoni. Tulikwenda wote: mimi, binti zetu Salme wa miaka kumi na Rukia wa miaka mitatu, na mama mkwe wangu, Bi Kazija wa Nungwi. Bi Kazija alikuwa mzito wa masikio. Lakini alikuwa amelima mwani miaka mingi, na maji aliyasoma kwa macho kama wengine tunavyosoma msahafu.

Hatukuwa na hata miezi miwili kule. Chuoni na dukani tuliongea Kiingereza, na lugha ya wenyeji hatukuijua hata salamu yake. Likizo ilipofika, mkuu wa chuo akatuazima mashua ya matanga yenye injini ndogo, tukazunguke visiwa vya mbali.

Siku sita za kwanza zilikuwa furaha tupu. Pomboo walituongoza njia, na Salme hakutaka kutoka pale mbele hata kwa kula. Kila kisiwa tulichofikia tulivishwa maua, tukapewa shelisheli la kuchoma, tukajiona tuko kwetu. Kila alfajiri nilisali nikamshukuru Mungu aliyeiumba bahari kubwa namna ile na bado akatuona sisi watano.

Siku ya saba tangi la maji likapasuka, na maji yote yakamwagika sakafuni mwa mashua. Siku hiyo hiyo dizeli chafu ikaziba injini ikazima, na babu yao, mwalimu wa injini, akashindwa kuiwasha. Bi Kazija akamwambia aombe wanafunzi wake wasisikie. Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu Rukia alianza kutapika na kuharisha. Kulipokucha midomo yake ilikuwa imepasuka, analia bila machozi. Tulibaki na chupa moja ya maji.

Kabla ya adhuhuri tukakiona kisiwa cha Motufala. Kimezungukwa na mwamba wa matumbawe kama sahani yenye ukingo. Ndani maji ni ya kijani, yametulia. Nje mawimbi yanapasuka kwa kishindo, na mlango wa kuingilia ni mmoja, mwembamba. Watu kama ishirini wakaja mbio wakasimama juu ya mwamba kando ya mlango huo. Mbele yao alikuwa mwanamke mnene mwenye nguo ya njano na kasia mkononi.

Akapaza sauti: "Tasi!"

Salme akaruka kwa furaha. "Mama, wana tasi." Kwetu tasi ni samaki, na mate yalinijaa. Yakafuata maneno mawili ambayo hatukuyaelewa. Kisha wote kwa pamoja wakapaza sauti, "Fa!" na mara kasia likapanda juu. Makame akageuza usukani kwa nguvu hata nikaanguka, na nyuma yetu tukasikia, "Lima!"

"Umewasikia?" akaniuliza.

"Nimewasikia. Tufe, kisha walime kaburi."

Akili ilijua kwamba watu wale hawawezi kuongea Kiswahili. Lakini moyo wenye mtoto mgonjwa hausikii akili. Makame akajaribu tena, na yakawa yale yale: fa, kasia likapanda, naye akageuza. Akasema twende kisiwa kingine. Nikamuuliza ni mbali kiasi gani. Akajibu, siku moja na nusu. Nikamtazama Rukia, nikainua mikono nikamwomba Mola asitufungie mlango aliotuletea mwenyewe.

Bi Kazija, aliyekuwa akituchungulia kutoka ndani, akatoka akiwa amempakata mtoto. Akataka kujua kwa nini tunazungukazunguka.

Makame akamwinamia sikioni. "Mama, wanatufukuza. Wanatuambia fa."

Mama mkwe alitazama mwamba kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi sisikii wanachosema, na Alhamdulillahi. Hebu zibeni masikio mtazame."

Tukaziba masikio kwa vidole, watu wazima na akili zetu. Na kweli, bila maneno yale tuliona jambo jingine kabisa. Wimbi likipasuka, kasia linapanda. Wimbi jingine, kasia tena. Yalikuwa mawimbi matano. La tano lilikuwa kubwa kuliko yote, na lilipopita, yule mwanamke alilielekeza kasia nchi kavu, na maji ya mlangoni yakalala kama nguo iliyopigwa pasi. Muda mfupi tu, kisha mawimbi yakaanza upya.

"Wanakuhesabia mawimbi, Makame," akasema Bi Kazija. "Wewe kila mara unageuza kwenye la nne."

"Na kama umekosea, Mama?"

"Nikikosea tutakosea pamoja. Mtoto huyu hawezi kungoja kisiwa kingine."

Makame akasema Bismillahi, akavuta kamba, tanga likajaa upepo. Tasi. Mbili nyingine zikafuata, na sasa povu linaturukia usoni. "Fa!" Mashua ikainuka nyuma, nikauona mwamba uko wazi mbele yetu kama meno, na mkono wa Makame ukaanza kuzunguka na usukani. Mama mkwe akauwekea mkono wake juu.

"Bado moja," akasema.

"Lima!" Wimbi likapita chini yetu kama mgongo wa nyangumi, likapasuka mbele, na kasia likaelekea nchi kavu. Tukaingia nyuma yake. Kulia mwamba, kushoto mwamba, ningenyoosha mkono ningechuma tumbawe. Salme alikuwa akipiga kelele lima, lima pamoja na watu wa mwambani. Kisha maji yakawa kimya, na tukawa ndani.

Yule mwanamke, jina lake Losa, aliingia majini hadi kifuani. Hakutusalimu. Alimchukua Rukia, akaitisha madafu, akamnywesha kijiko kwa kijiko chini ya kivuli cha ukuta wa nyumba yake. Alasiri mtoto akalia kwa machozi. Mimi nikasujudu pale pale mchangani.

Mwalimu wa shule yao alijua Kiingereza, akatueleza kwamba kwao fa ni nne na lima ni tano, na kwamba ukoo wa Losa ndio huwahesabia wageni mawimbi. Nasi tukamweleza maana ya maneno hayo kwetu. Losa alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tusione haya, la nne huwatisha hata wasiojua Kiswahili.

Bi Kazija aliomba arudiwe kauli hiyo sikioni, akatikisa kichwa. "Basi," akasema, "ukisikia fa, ngoja lima." Msemo ukarudi nasi Nungwi.

Nilipomaliza, unga ulikuwa umemkaukia Kidawa, binti wa Rukia, vidoleni.

"Mama yangu alikunywa madafu mangapi?" akauliza.

"Matatu. Babu yako angegeuza mara ya tatu, leo nisingekuwa na wa kunikandia unga."

Mgeni akamtazama. "Na ile 'hafai' ya mama mkwe wako ilifuatwa na nini? Hafai kuolewa, au hafai kuachwa apike peke yake?"

"Sijui," akasema Kidawa. Akanawa mikono, akachukua baibui lake msumarini.

"Unakwenda wapi, na maandazi hayajakatwa?" nikamuuliza.

"Ukweni, Bibi. Mimi niligeuza kwenye la nne."

Nikamwombea dua ya njia njema. Alipofika mlangoni nikamwita, "Kidawa, ukisikia fa..."

"Ngoja lima," akajibu, akiwa ameshatoka nje.