Nungunungu Aliyeitwa Mpangaji

Paukwa!
— Pakawa!
Mwenye mwenzake?
— Amshike!
Asiye naye?
— Asogee!

Haya, sogeeni. Kwangu nafasi ipo tele.

Palikuwa na Bi Nungunungu na Bwana Ngiri. Walikaa pamoja masika tisa, bila posa, bila mahari, bila ngoma. Huyu akimwita yule "mwenzangu," na yule akimwita huyu "mwenzangu," maisha yakaenda. Shimo walichimba wote: Nungunungu kwa kucha, paru, paru, Ngiri kwa pua, fuku, fuku. Wakapata vyumba viwili na ghala la mizizi.

Sasa Ngiri, kama babu zake wote, nyumbani haingii kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, tako mbele, ili meno yake yabaki yanatazama mlango. Na Nungunungu, kama bibi zake wote, hupukutisha miiba. Kwa hiyo kila asubuhi alifagia. Fya! Fya! Fya! Masika tisa tako la Ngiri halikuchomwa hata mara moja, na Ngiri hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Siku moja Ngiri akasema, "Nimekuchoka. Ondoka."

"Niende wapi? Shimo ni letu sote."

"Letu? Kwani nilikuoa lini?"

Wakaenda kwa Mjumbe Kanga, mwamuzi wa ugomvi wa mtaa wao.

"Mahari ilitoka?" Mjumbe akauliza.

"Haikutoka."

"Ndugu walikaa kikao?"

"Hawakukaa."

"Basi, Bwana Ngiri, huyu ni nani wako?"

Ngiri akajikuna shavu. "Mpangaji," akasema.

Kufukuzwa Nungunungu angeweza kuvumilia. Lakini neno lile lilimchoma kuliko miiba yake yote. Mpangaji! Yeye aliyemtafunia Ngiri mizizi mwezi mzima, mwaka ule meno yalipomuuma!

"Mmeoana, hamkuoana, mmechimba wote," Mjumbe akasema. "Mgawane."

Ngiri akadakia, "Sawa! Vya ndani vyangu, vya nje vyake!"

Na huko nje kulikuwa na nini? Lundo la udongo na jua kali. Mjumbe akamtazama Nungunungu. Nungunungu akauliza kwa upole, "Vya ndani vyote?"

"Vyote!"

"Hata vidogo vidogo?"

"Hata vidogo vidogo! Ukitoa kitu hata kimoja, wewe mwizi!"

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nimekubali. Nipeni siku saba nijiandae."

Ngiri akaenda kwa ndugu zake kujisifu. Nungunungu akabaki peke yake shimoni. Siku ya kwanza akajitikisa, chakacha! Hakufagia. Siku ya pili akajitikisa, chakacha! Hakufagia. Siku ya tatu akapata mzizi mtamu, akaita, "Mwenzangu, njoo uonje!" Kimya. Akaula mwenyewe, nao haukuwa mtamu tena. Akajitikisa, chakacha! Ikawa hivyo hadi siku ya saba.

Siku hiyo Ngiri akarudi, na Mjumbe akaja kushuhudia makabidhiano. Nungunungu alikuwa ameketi nje, juu ya udongo wake. Ngiri akageuza tako, akaanza kurudi nyuma kwa maringo. Tipu, tipu, tipu...

Chwi!

"Mamaaa!"

Akatoka mbio. Akapumua, akajaribu tena. Chwi! Chwi! "Mamaaa weee!" Akajaribu mara ya tatu. Chwi! Chwi! Chwi! Akatoka tako limejaa miiba, hata Mjumbe akababaika asijue Nungunungu ni yupi.

"Njoo ufagie!" Ngiri akalia.

"Nifagie vya watu? Nitaitwa mwizi."

"Basi chukua! Vya ndani chukua vyote, sivitaki!"

"Hata vidogo vidogo?"

"Hata vidogo vidogo!"

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia."

Ngiri akakimbia, mkia juu, kurudi kwa ndugu zake.

Nungunungu akaingia ndani. Vyumba vyote vyake, ghala lote lake. Akala, akashiba. Alikuwa ameshinda, na alitamani kumsimulia mtu jinsi Ngiri alivyoruka. Akafikiri nani angecheka sawasawa, mpaka machozi yamtoke. Akaona ni mmoja tu, naye ni Ngiri. Ndipo akalia.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mtu akirudi nyumbani kwake, atangulize kichwa. Hakuna jingine. Mambo ya nani alikuwa akifagia, na nani aliitwa nani mbele ya watu, hayo hayawahusu.

Hadithi imekwisha. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mimi. Hiyo sina wa kugawana naye.