Mawe ya Siku ya Mwasisi

Ukimwona mtu amesimama kivulini, soda mkononi, akimhimiza mwenzake aliye juani aongeze mwendo, jua kwamba mzigo ule haujawahi kumkaa yeye begani, au ulimkaa zamani akausahau. Usufi hauna uzito. Aliyebeba kanda la usufi haonewi huruma na mtu. Ndivyo binadamu anavyoutazama mzigo usio wake. Watu wa namna hiyo hawakosekani duniani, na wengine huvaa tai.

Palikuwa na shule moja ya sekondari ya wavulana, ya Kikatoliki, juu ya kilima. Wanafunzi wake wa kwanza walipofika hawakukuta kanisa. Walibeba mawe kutoka kijitoni, bondeni, wakalijenga wenyewe wakiongozwa na padri mwasisi. Hiyo ni historia ya kujivunia, wala hakuna anayeibeza. Kilichofuata ndicho kinachochemsha damu. Kanisa lilikwisha kitambo, likaezekwa bati na kutiwa vioo vya rangi, lakini mawe yakaendelea kubebwa! Kila Siku ya Mwasisi, kila mvulana wa kidato cha kwanza alitwishwa jiwe kijitoni, akapanda nalo hadi uwanja wa kanisa. Kesho yake wavulana walewale waliyarudisha mawe yaleyale bondeni, yakawasubiri wa mwaka ujao. Upuuzi huo ukaitwa mila.

Waliokwisha kuyapitia walijipanga kandokando ya njia wakiwazomea wadogo zao: “Usufi! Usufi!” Aliyefika na jiwe lake alipewa nembo ya shule ya kushona mfukoni. Aliyeshindwa aliitwa Mgeni mwaka mzima. Alikula wa mwisho, akafua soksi za wenzake, na jina lake halikutajwa tena.

Mkuu wa shule, padri mpole kupita kiasi, alikwisha kujaribu kuifuta mila hiyo. Kila alipofungua kinywa, mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani alimjia juu. Huyu alikuwa mkandarasi mwenye kitambi cha heshima, aliyeitwa Jabali tangu ujana wake.

“Baba, unatulelea wanaume au vifaranga?” alikuwa akiuliza Jabali.

Padri alinywea, na mawe yakabebwa.

Mwaka mmoja alikuwepo mvulana mwembamba ambaye wenzake walimwita Kalamu. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Shati la mwanawe alilishona mwenyewe, na mfuko wa kifuani akauacha wazi, ungojee nembo. Kalamu alikuwa amevunjika mkono wakati wa likizo, na plasta ilikuwa imetolewa juzijuzi tu.

“Kaka, mkono wangu haujapona sawasawa,” alimwambia kiranja aliyekuwa akigawa mawe.

“Hata wangu uliwahi kuuma. Beba!” kiranja alimjibu, akamtwisha jiwe kubwa kama kichwa cha ng’ombe.

Kalamu alipiga moyo konde, akapanda. Alipofika kwenye kona, mkono ulimsaliti. Jiwe lilianguka, likaukosa mguu wake kidogo tu. Mtoto aliketi vumbini akiushika mkono, machozi yakimlengalenga. Kelele zikazidi: “Usufi! Usufi!”

Jabali alisimama chini ya turubai la wageni, kipaza sauti kikining’inia shingoni.

“Inuka, kijana!” alinguruma. “Au mama yako alikujaza pamba badala ya mifupa?”

Wageni wakaangua kicheko. Walicheka, watu wazima wenye watoto wao nyumbani!

Mwanamke mmoja akanyanyuka kwenye viti vya wazazi, akateremka njia hadi kwenye kona. Alivua mtandio wake na kuufungia mkono wa mwanawe shingoni.

“Mama, rudi, tafadhali,” Kalamu alinong’ona. “Nisipofika nalo wataniita Mgeni.”

“Utaitwa jina nililokupa mimi,” mama akasema, kisha akaugeukia umati. “Nani amemtaja mama yake? Niko hapa!”

Akamkazia macho Jabali.

“Kaka mwenyekiti, mimi sikusoma hapa. Lakini wimbo wenu nimeusikia tangu asubuhi: *Padri mbele, jiwe begani, nasi nyuma tukapanda.* Haya, nionyesheni huyo padri aliye mbele. Nionyesheni mkubwa hata mmoja mwenye jiwe. Mimi naona watoto wanaoumia, na watu wazima wanaokunywa soda.”

Mkuu wa shule aliona haya hadi masikio yakamwasha. Wimbo ule aliuimba kila Jumatatu, na hakuwahi kuyasikia maneno yake. Alikunja mikono ya kanzu, akateremka, akaliinua jiwe la Kalamu na kulitia begani.

“Mama huyu amesema kweli, nasi tumewakosea hawa watoto,” alisema kwa sauti ambayo shule haikuwahi kuisikia kwake. “Mwenyekiti, njoo. Tuishike mila yetu yote, tusiikate nusu.”

Jabali angekataa vipi mbele ya kadamnasi? Alishuka akicheka hadi chini ya kona, akampokea mtoto mwingine jiwe lake. Hatua za kwanza alizipiga kwa madaha. Mara tai ikamkaba, jasho likamchuruzika, magoti yakaanza kugombana. Kabla ya kufika kwenye kona alilibwaga jiwe, akakaa juu yake akihema.

“Hapana, mmekosea,” alilalamika. “Enzi zetu mawe yalikuwa madogo.”

Masikini, alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado shingoni na hakikuzimwa. Kilima kizima kilisikia. Kidato cha kwanza kikalipuka: “Usufi! Usufi!”

Mama Kalamu hakucheka. Alikuwa akiupapasa mkono wa mwanawe, ambao ulikwisha kuvimba.

Padri alifika juu peke yake, kanzu imelowa. Alishuka tena na nembo mkononi, akampa fundi cherehani aishone kwenye mfuko aliouacha wazi. Wavulana wengine wote wakaambiwa waweke mawe chini na waje wachukue nembo zao. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyetwishwa jiwe pale. Ila Jabali, akikumbushwa, hujishika kiuno na kuapa kwamba lile lake lilikuwa zito kuliko yote. Yale ya watoto, anasema, yalikuwa ya kawaida tu. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.