Limbwata la Punda

Hapana, methali hiyo haikutoka kwa walimu wenu. "Punda hamjui mwenye kamba, anamjua mwenye pumba." Imetoka hapahapa kwetu Ugogoni, na mimi nilikuwepo, meno yangu yote yakiwa kinywani. Sogeeni basi, niwaambie ilivyozaliwa.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, Nyawezi. Yeye na wenzake wawili walizungushia kiwanja miiba, wakawa wanapokea punda wabovu. Mwenye kidonda, kipofu, yule ambaye mwenyewe kamtupa porini aliwe na fisi. Wanamwosha, wanampa pumba, basi. Hawambebeshi, hawamuuzi. Watu tukasema, aa, mtu analisha punda asiyembebea hata kuni? Huyu ana lake jambo.

Sasa Chilewa. Chilewa alikuwa mchota maji, ana punda jike mmoja, jina lake Sikujua. Mgongo wa Sikujua ulipoota vidonda kwa madumu, Chilewa akampeleka mwenyewe kwa Nyawezi. Akakaa mwezi mzima, akapona, akarudishwa kwa kamba. Kesho yake, madumu mgongoni, punda huyoo, moja kwa moja mpaka kwa Nyawezi. Chilewa akamfuata, akamvuta. Keshokutwa tena hivyohivyo.

Na watu wa kisimani hawana huruma.

"Chilewa, shemeji karudi kwao?"

"Ulimpiga, au ulimnyima?"

Naye mtoto wa watu alikuwa hata hajaoa! Wivu ukamshika kama mwanamume aliyekimbiwa. Akipita pale zizini anamwona Nyawezi anamkuna punda masikio, na punda kafumba macho kwa raha. Yeye Chilewa, miaka sita, hajafumbiwa macho hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma. Chakula hakipiti, usingizi haupo.

Akaanza kusema, "Yule mama anatia limbwata kwenye pumba."

Limbwata! Dawa ya kulishwa mume asitazame pengine, leo kalishwa punda! Tulicheka, lakini kwa mdomo tu. Wiki haikuisha, watu wakaacha kumpelekea Nyawezi pumba, wengine wakawa hawapiti hata njia ile. Mtendaji wa kijiji akasema Ijumaa zizi linafungwa, punda wote saba warudi walikotoka. Walikotoka wapi? Kwa fisi.

Ijumaa tukajaa pale. Chilewa kaja na kamba mpya ya kumvuta Sikujua, aliyekuwa kakimbilia humo tena. Nyawezi hakubishana na mtu. Akabandika sufuria, akachota pumba kwenye gunia lilelile la punda, akasonga ugali mbele ya macho yetu. Ugali wa pumba sote tulishaula mwaka wa njaa, si kitu kigeni.

"Limbwata huliwa," akasema. "Karibuni."

Nani asogee? Mtendaji mwenyewe akakumbuka ana vidonda vya tumbo.

Akatoka Kapela, mtani wake Chilewa, Mnyamwezi mmoja asiyejua aibu. Akamega tonge, akameza. Tukamkodolea macho.

"Mama Nyawezi," akasema, "mbona bado sikupendi?"

Watu hoi kwa kicheko. Kapela akamgeukia Chilewa. "Mtani, tangu umpate huyu punda, umempa nini kwa mkono wako?"

"Namfunga vizuri."

"Nimeuliza kumpa."

Chilewa akaishikilia kamba yake.

Nyawezi akamjazia pumba kiganjani. "Weka kamba chini, baba."

Akaiweka. Sikujua akatazama, akaja polepole, akala mpaka akalamba kiganja. Chilewa kasimama, mkono umejaa mate, hajui aufute wapi.

"Limbwata lenyewe hilo!" Kapela akapaza sauti. "Punda hamjui mwenye kamba, anamjua mwenye pumba!"

Mtendaji akasema zizi libaki. Chilewa hakuomba radhi. Wivu, wajukuu zangu, hautoki kwa siku moja. Aliinama tu akasema taratibu, kama mtu anayejifundisha: "Punda hamjui mwenye kamba. Anamjua mwenye pumba." Halafu akamsukuma Kapela kwa bega, apate pa kukaa penye ugali. "Sogea huko, umejaza nafasi yote."

Nyawezi akaleta mboga ya mlenda. Tukanawa mikono, tukakaa chini sote, tukala.