Bastola Isiyopiga Miayo

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo likipuuzwa halibaki dogo. Hukua kimyakimya ndani ya nyama, na siku linapojitokeza, mwenye mguu hawezi tena kuvaa kiatu. Maalim Mcha Haji wa Kiponda aliifundisha methali hii darasani kwa miaka ishirini na minane. Lakini kuifundisha methali ni jambo moja, na kuifuata ni jambo jengine.

Maalim Mcha alikuwa amestaafu ualimu, ila hakustaafu michezo. Skuli za Unguja zilipokutana kwa mashindano ya riadha, yeye ndiye aliyeanzisha mbio kwa bastola. Haikuwa bastola ya kuua. Risasi zake zilikuwa za baruti tupu, zenye mlio na moshi basi, ingawa mlio huo ungeweza kuwahamisha kunguru wote wa Darajani. Kazi hiyo, pamoja na bastola yenyewe, aliirithi kwa sahibu yake wa tangu utotoni, Maalim Mansour, aliyefariki dunia mwaka uliopita, siku chache baada ya Idi.

Marehemu alikuwa mtu wa furaha. Bastola ile ilikuwa na desturi moja: risasi ya mwisho ikishatoka, mfuniko wake wa juu ulirudi nyuma ukabaki wazi. Hapo Maalim Mansour aliinyanyua juu na kutangaza, "Inapiga miayo!" Watoto wote kiwanjani wakaitikia kwa sauti moja, "Ilishe!" Naye akaijaza risasi saba nyengine, na mbio zikaendelea. Kulikuwa na wazazi walioitikia hivyo wakiwa wadogo, na sasa wakiitikia pamoja na watoto wao.

Wiki moja kabla ya mashindano, Maalim Mcha alikuwa ukumbini akiisafisha bastola juu ya sinia. Mara kipande cha waya, chembamba kama unywele, kilidondoka sinia ikalia. Alikiokota. Kisha akauvuta mfuniko nyuma na kuuachia. Ulijirudia wenyewe, wala haukushika.

"Nini hicho?" aliuliza mkewe, Bi Mwanakheri, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Springi ndogo tu, ya kushikilia mfuniko. Bastola italia vilevile."

"Basi mpelekee Fundi Anuar pale Mkunazini. Saa anatengeneza, cherehani anatengeneza, hiyo itamshinda?"

"Haendi mtu kwa fundi." Sauti ya Maalim Mcha ilishuka. "Hii kaitunza Mansour kwa mkono wake, Mama Suhaib. Kila kilichomo humu kakigusa yeye. Sitaki mtu mwengine aifungue."

Ungo wa Bi Mwanakheri ulisimama. Alijua kwamba tangu msiba ule mumewe hakuwa amekaa tena kwenye baraza walilozoea kunywea kahawa yeye na Mansour.

"Mungu amrehemu," alisema kwa upole. "Lakini bastola si kaburi, Baba Suhaib. Na ikiwa na njaa, itakwambiaje?"

"Nitahesabu. Risasi saba zitanishinda? Mie nimefundisha hesabu."

"Umefundisha Kiswahili," mkewe alimkumbusha.

Mjukuu wao Radhiya, aliyekuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, aliangua kicheko. "Babu, siku ya fainali yangu hesabu kwa vidole!"

Alikuwa na haki ya kufanya mzaha, kwa sababu moyo wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa akikimbia mita mia nane, na mwaka huo mshindi mmoja tu wa mbio hizo ndiye atakayeingia katika timu ya Unguja inayovuka kwenda kushindana bara. Kila alfajiri alifanya mazoezi. Bibi yake alikuwa ameshamshonea mfuko wa safari, akaudarizi jina lake kwa uzi wa kijani.

Siku ya mashindano kiwanja kilifurika, na ngoma zilirindima tangu asubuhi. Maalim Mcha alivaa kofia yake mpya, akaanza kazi. Moja. Mbili. Tatu. Watoto waliokuwa karibu walimtazama kwa hamu, wakiisubiri miayo.

Tatizo halikuwa hesabu. Tatizo lilikuwa heshima. Nusu ya watu kiwanjani walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na hakuna aliyepita bila ya kumwamkia.

"Shikamoo, Maalim!"

"Marahaba! Hujambo? Mama hajambo? Yule mdogo wako keshaoa?"

"Keshaoa Maalim, ana watoto wawili."

"Mashaallah! Msalimie."

Salamu ya Unguja haijibiwi nusu. Alipomaliza kuwaulizia watoto wawili, na bibi yao, na mguu wa bibi yao, Maalim Mcha alijikuta amesahau. Amepiga tano, au sita? Kabla hajapata jawabu, kipaza sauti kiliita fainali ya wasichana, mita mia nane.

"Ikiwa tano, zimebaki mbili," alijisemea. "Ikiwa sita, imebaki moja. Na mbio huanza kwa moja tu."

Wasichana sita walijipanga. Radhiya alisimama njia ya ndani, na pembeni yake Ulfat wa Chwaka, msichana mrefu mwenye hatua za twiga. Maalim Mcha aliinua mkono. Lakini kabla ya mlio, msichana mmoja aitwaye Nusrat alichomoka. Bastola ilipolia, alikuwa keshapiga hatua mbili.

Kanuni ni moja: mtu akitangulia, mwanzishaji hupiga mlio wa pili na wote hurudi. Maalim Mcha alivuta tena. Tk. Akavuta tena. Tk.

"Rudini!" alipiga ukelele. "Rudini!" Sauti yake ilimezwa na ngoma kama sukari kwenye chai.

Radhiya, aliyelelewa katika nyumba ya mpiga bastola, alikuwa ameliona kosa la Nusrat. Alikimbia hatua kumi tu akasimama, mikono kiunoni, akingoja mlio wa pili ambao haukuja. Wenzake watano walikata mizunguko yote miwili mpaka wakaanguka kwenye majani, Ulfat akiwa wa kwanza.

Mwamuzi mkuu, Bi Nadra, hakuwa na la kufanya. "Mbio hizi hazihesabiki. Zitarudiwa."

"Zirudiweje?" alifoka Bwana Junaid, mwalimu wa Ulfat. "Wangu kachoka hoi, na mjukuu wa mpiga bastola kapumzika kama bibi harusi! Hili limepangwa!"

Ngoma zilinyamaza. Maneno yale yalimchoma Maalim Mcha kuliko jua. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa kuwa anapendelea. Aliinyanyua bastola, akauvuta mfuniko mbele ya watu wote, nao ukajirudia.

"Springi imekatika tangu wiki iliyopita," alisema. "Nilijua, na nikaidharau. Kosa ni langu. Mtoto hana kosa."

Ndipo Radhiya akasogea mbele. "Bi Nadra, nami nitakimbia mizunguko miwili sasa hivi, peke yangu, mbio kamili. Kisha sote tupumzike, turudie baada ya alasiri."

Bwana Junaid alikuna kidevu. Akakubali.

Basi Radhiya akakimbia peke yake, mtandio ukipepea. "Anaongoza!" wakapiga kelele watani. "Jamani, wa mwisho naye ni huyohuyo!" Kiwanja kizima kilicheka na kupiga makofi, na fahari ilimfanya akimbie kwa kasi kuliko ilivyohitajika.

Baada ya alasiri, Maalim Mcha aliijaza bastola mbele ya macho ya Bwana Junaid. Safari hii hakuna aliyetangulia. Radhiya aliongoza mpaka kona ya mwisho, ambako miguu yake ilidai malipo ya mizunguko ile miwili. Ulfat alimpita kwa upana wa kifua.

Radhiya alilia kidogo, akajifuta, akaenda kumkumbatia mshindi. Bwana Junaid naye alimwendea Maalim Mcha akampa mkono. "Niwie radhi, Maalim. Mtoto huyu hakulelewa na mtu wa kupendelea."

Jumatatu asubuhi babu na mjukuu waliingia kwenye kibanda cha Fundi Anuar. Fundi alivaa miwani yake, akakigeuzageuza kile kipande cha waya, kisha akatabasamu.

"Hii springi naijua, Maalim. Niliitia mimi, mwaka juzi. Na kabla yake nilitia nyengine."

"Wewe?"

"Mie. Maalim Mansour, Mungu amrehemu, alikuwa hangoji ikatike. Ikilegea tu, huyo hapa mlangoni: 'Anuar, mwanangu, bibi bastola hapigi miayo vizuri.'"

Maalim Mcha alibaki mdomo wazi. Kisha alianza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi mengine yakatoka papo hapo, yasiyokuwa ya kicheko. "Kumbe mkono niliokuwa nikiulinda ni wako!"

"Ahsante kwa ulinzi," alijibu fundi.

Alikata waya, akauzungusha kwenye msumari mwembamba, akautia mahali pake. Kazi yote haikuzidi muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Maalim Mcha aliuvuta mfuniko nyuma. Ulishika.

"Inapiga miayo!" alisema Radhiya.

"Ilishe!" aliitikia muuza kahawa kutoka nje, mtu mzima mwenye mvi.

Jioni ile Maalim Mcha alirudi kukaa kwenye baraza lake la zamani. Ule mfuko wa safari uliodariziwa kwa uzi wa kijani ulitundikwa msumarini kungoja mwaka mwengine, na kila aliyeuliza kwa nini hakusafiri nao mtu, alionyeshwa kipande cha waya chembamba kama unywele na kuambiwa: ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.